Mkimbizi aliyewasili jana, nani analipia matibabu yake?

Na Mwandishi Wetu, Kigongo

KABLA ya mwaka 2025, gari la wagonjwa lililotoka Kigoma au Geita kuelekea Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando jijini Mwanza lilikuwa na kituo kimoja ambacho dereva hakuweza kukiepuka. Lilipofika Busisi, wilayani Sengerema, lilipaswa kusubiri kivuko. MV Mwanza, MV Misungwi au MV Sengerema, chochote kilichokuwa karibu, ndicho kilichoamua mgonjwa angefika saa ngapi ng'ambo ya pili, hapa Kigongo wilayani Misungwi. Gari la wagonjwa lilipewa nafasi ya kwanza kupanda, lakini maji ya Ghuba ya Mwanza hayana njia ya mkato.

Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na safari hiyo ya maji ikageuka kuwa mwendo wa dakika chache tu. Kwa mwenye mgonjwa hatarini, hiyo ni nafuu kubwa isiyohitaji kuelezwa kwa takwimu.

Miongoni mwa wagonjwa wanaopitishwa katika barabara hii wamo watu ambao abiria wengine hawawezi kuwatambua kwa sura wala kwa mavazi. Ni wakimbizi waliopewa rufaa kutoka kambini mkoani Kigoma, hususan Nyarugusu iliyoko Kasulu. Kinachowatofautisha na mgonjwa wa Geita au Sengerema ni karatasi. Mtanzania huhitaji barua ya rufaa, na fedha au kadi ya bima. Mkimbizi huhitaji barua ya rufaa, kibali cha kutoka kambini, na uthibitisho kwamba kuna chombo kilichokubali kulipa gharama zake. Ikikosekana moja kati ya karatasi hizo, daraja linabaki wazi lakini yeye havuki.

Mijini kuna imani mbili kuhusu jambo hili, nazo hupingana. Wapo wanaoamini kwamba mkimbizi akishakanyaga ardhi ya Tanzania hutibiwa bure kwa kodi ya wananchi, wakati mwananchi mwenyewe anachangia gharama tangu utaratibu huo ulipoanza mwaka 1993. Wengine hudhani kwamba mkimbizi hana haki yoyote ya matibabu hadi Serikali imtambue rasmi. Imani zote mbili zina kosa, na kosa hilo huwagharimu watu afya zao.

Tuanze na sheria. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo Mei 1964. Kifungu cha 23 cha mkataba huo kinaitaka nchi mwanachama kuwapa wakimbizi wanaoishi humo kihalali msaada wa umma kwa kiwango kile kile inachowapa raia wake. Hapa maneno yanayobeba uzito ni "wanaoishi humo kihalali". Nchi ikiwa na uwezo wa kuamua nani anaishi kihalali na wapi, inakuwa pia na uwezo wa kuamua msaada huo utaanzia wapi na kuishia wapi.

Nchini, mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Wakimbizi Na. 9 ya mwaka 1998, pamoja na Sera ya Taifa ya Wakimbizi ya mwaka 2003. Sheria inamtaka mtu anayeomba hifadhi ajisalimishe ndani ya siku saba tangu aingie nchini, kwa ofisa aliyeidhinishwa, kwa ofisa mtendaji wa kijiji kilicho karibu, au kwa mlinzi wa amani. Baada ya hapo hupelekwa katika eneo lililotengwa kwa ajili ya wakimbizi, na haruhusiwi kutoka humo bila kibali. Msimamizi wa haya yote ni Idara ya Huduma kwa Wakimbizi iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.

Msomaji atambue kwamba wizara inayotajwa hapo si ile ya Afya. Mkimbizi aliyewasili jana, hata akiwa na homa kali, mlango wake wa kwanza kuingilia ni wa usalama na uandikishaji. Mlango wa tiba uko nyuma ya huo.

Hata hivyo, kwa taratibu za mapokezi, mgonjwa wa dharura hasubiri aamuliwe kama ni mkimbizi au la. Anayewasili hupimwa hali ya lishe, watoto huchanjwa surua na polio, wajawazito hutenganishwa ili waangaliwe, na mwenye dalili za ugonjwa wa kuambukiza hutibiwa papo hapo. Sababu ya kwanza ni ya kibinadamu. Ya pili ni ya kujilinda, nayo ilionekana wazi kabisa katika kijiji cha Kagunga mwaka 2015.

Kagunga ni kijiji kilicho ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka wa Burundi, kikiwa kimebanwa kati ya maji na milima mikali. Machafuko ya kisiasa yalipoanza Burundi mwezi Aprili mwaka huo, maelfu kwa maelfu ya watu walivuka na kujazana hapo. Maji safi hayakutosha, vyoo havikuwepo, na wakati huo usafiri wa kuaminika wa kuwatoa ulikuwa ni wa ziwani. Meli kongwe ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na yenye uwezo wa kubeba watu 600 hivi, ilienda na kurudi ikiwapeleka Kigoma mjini, ambako walihifadhiwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kusafirishwa kwenda Nyarugusu.

Kipindupindu hakikungoja meli imalize kazi. Kufikia mwishoni mwa Mei mwaka huo, watu 31 walikuwa wameripotiwa kufa na wagonjwa walihesabiwa kwa maelfu. Wawili kati ya waliokufa walikuwa Watanzania. Dripu na dawa zilitolewa kwa kila aliyeharisha bila kuuliza uraia wake, na baadaye chanjo ya kunywa ya kipindupindu ikatolewa kwa wakimbizi na kwa wenyeji pia. Hakuna ofisa aliyesimama kwenye hema la wagonjwa kudai kitambulisho. Kama angedai, kipindupindu kingefika Ujiji kabla ya majibu.

Basi katika hatua ya mapokezi sifa ya kutibiwa ni ugonjwa wenyewe. Mambo hubadilika hatua inayofuata.

Sheria ya 1998 inampa Waziri uwezo wa kulitambua kundi zima kuwa ni wakimbizi kwa pamoja, bila ya kumhoji mmoja mmoja. Warundi walioingia mwaka 2015 na 2016 walitambuliwa hivyo. Januari 2017 Serikali ilifuta utambuzi huo wa pamoja, na tangu wakati huo kila Mrundi anayewasili hulazimika kueleza mwenyewe sababu za kukimbia kwake na kusubiri uamuzi. Kufikia mwaka 2018, vituo vya mapokezi mpakani vilivyokuwa vikiwapokea Warundi vilikuwa vimefungwa. Athari yake katika afya haizungumzwi sana, lakini ni rahisi kuiona. Pale ambapo hakuna kituo cha mapokezi, hakuna pia mezani pa kupimia lishe, wala chanjo, wala muuguzi wa kumwona mjamzito. Mtu huingia kwa njia ya porini na ugonjwa wake, na hujulikana pale tu anapozidiwa.

Aliyeandikishwa na kufikishwa kambini ana hali nzuri kuliko huyo. Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ina hospitali na vituo vya afya, na kwa miaka mingi Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kimekuwa kikitoa huduma humo. Mgonjwa halipi anapomwona tabibu, hanunui dawa na hatozwi kitanda. Wakazi wa vijiji jirani, kama vile Makere, nao huenda kutibiwa katika hospitali hiyo ya kambini. Hilo ni jambo la kutafakariwa na wale wanaodhani kwamba mkimbizi hula tu kwenye sahani ya mwenyeji.

Nani hulipa? Sehemu kubwa ya gharama hizo hubebwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) pamoja na mashirika yanayoshirikiana nalo, kutokana na michango ya nchi wahisani. Serikali ya Tanzania hutoa ardhi, ulinzi na usimamizi. Aidha, chanjo za watoto, dawa za kufubaza makali ya virusi vya Ukimwi na dawa za kifua kikuu hupitia katika mipango ya taifa, hivyo mkimbizi mwenye kifua kikuu hutumia dawa zile zile anazotumia mgonjwa wa Igoma au Nyakato. Kwa hiyo anayesema Serikali haitoi chochote anakosea, na anayesema hazina ya taifa ndiyo inayowatibu wakimbizi anakosea zaidi.

Udhaifu wa mpango huu ni kwamba dawa ya mtu hutegemea fedha ambazo uamuzi wake hufanyika mbali sana na Kasulu. Mapema mwaka 2025 Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Juni mwaka huo UNHCR ilitangaza kupunguza nafasi za kazi zipatazo 3,500 duniani kote. Bajeti ya namna hiyo inapopunguzwa, chanjo na uzazi salama hulindwa kwanza. Rufaa za hospitali kubwa huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kubanwa.

Rufaa ndiyo inayomleta mkimbizi hadi Kigongo, na hapo ndipo masharti yanapokuwa makali kuliko mahali pengine popote. Mgonjwa aliyeshindikana kambini huweza kupelekwa Hospitali ya Misheni ya Kabanga iliyoko Kasulu, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, Kigoma. Tatizo likiwa kubwa zaidi, kama saratani au upasuaji mgumu, ndipo Bugando au Muhimbili hutajwa. Mwongozo wa UNHCR wa mwaka 2009 kuhusu rufaa unaelekeza kwamba maombi yasiyo ya dharura yapimwe na kamati, na mizani ya kamati hiyo ina pande mbili: uwezekano wa mgonjwa kupona, na gharama.

Lugha hiyo ya kitaalamu ina maana nzito ikitafsiriwa katika maisha ya mtu. Mtoto mwenye tatizo linaloponyeka kwa upasuaji mmoja ana nafasi ya kupanda gari la rufaa. Mtu mzima mwenye saratani iliyosambaa, au mwenye figo zilizokufa anayehitaji kusafishwa damu kila wiki maisha yake yote, anaweza kuambiwa kwamba hakuna la ziada litakalofanyika isipokuwa kumpunguzia maumivu. Kamati haifanyi hivyo kwa ukatili. Fedha ya mwaka mzima ya kusafisha damu ya mtu mmoja inaweza kuwalipia wajawazito wengi upasuaji wa kujifungua. Lakini ni sharti tukiri kwamba Mtanzania maskini naye hukutana na mizani hiyo hiyo, ila kwake haina kamati. Huamuliwa na ng'ombe wa kuuza na ndugu wa kuchangishana.

Yupo mtu wa aina ya tatu, ambaye hayumo kwenye hesabu za kambi wala za hospitali. Huyu aliingia nchini akapita Nyakanazi na Geita moja kwa moja, akafika kando ya ziwa kutafuta kazi ya kuparua samaki au kubeba mizigo mwaloni. Hakujisalimisha kwa mtu. Siku saba zikapita, kisha miezi. Kwa sheria, sasa yuko nje ya utaratibu, hata kama kilichomkimbiza kwao ni risasi. Akiugua, huenda zahanati kama mtu mwingine yeyote, hulipa kutoka mfukoni, na mara nyingi huficha lafudhi yake. Akizidiwa na kuandikiwa rufaa, huogopa fomu kuliko ugonjwa, kwa kuwa fomu huuliza kijiji alichozaliwa.

Hapo ndipo ulipo ukweli wa suala hili nchini mwetu. Kwa mkimbizi aliye Tanzania, haki ya matibabu inafuata mahali alipo. Ndani ya kambi ni mgonjwa asiyelipa. Nje ya kambi bila kibali ni mtuhumiwa aliyeugua.

Majirani zetu wamechagua njia tofauti. Uganda, kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, humruhusu mkimbizi kuishi na kusafiri kwa uhuru mkubwa zaidi, na vituo vya afya vilivyoko katika makazi ya wakimbizi vimekuwa vikiunganishwa na mfumo wa Serikali unaowahudumia wenyeji pia. Rwanda mwaka 2019 ilikubaliana na UNHCR kuwaingiza wakimbizi wanaoishi mijini katika bima ya afya ya jamii, ile maarufu kama Mutuelle de Santé. UNHCR hulipa mchango, na mkimbizi huenda hospitali akiwa na bima kama jirani yake. Nchini Kenya, wakimbizi wa Nairobi walianza kuingizwa katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali katika muongo uliopita, kabla ya mfuko huo kurithiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii mwaka 2024. Mipango hiyo haikosi matatizo, hasa ya nani ataendelea kulipa mchango wahisani wakichoka. Lakini imekubali jambo moja la msingi, kwamba mkimbizi anaweza kuugua akiwa mjini.

Tanzania nayo iliwahi kuwa na mfano wake. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa mashamba, na kadiri miaka ilivyopita huduma zao zilizidi kuwa sehemu ya huduma za wilaya. Mwaka 2014 takriban watu 162,000 kati yao walipewa uraia. Leo mjukuu wa mkimbizi wa Katumba akiumwa malaria huenda zahanati, na hakuna anayemwandikia kibali.

Wapo pia waliovuka bahari. Mwaka 2015 ulitangazwa mpango wa kuwahamishia Marekani Wakongo wapatao 32,000 kutoka Nyarugusu, na familia nyingi ziliondoka katika miaka iliyofuata. Walikofika walikuta haki ya aina nyingine kabisa. Marekani humpa mkimbizi mpya bima ya umma ya Medicaid iwapo kipato na hali ya familia yake vinakidhi masharti ya jimbo. Asiyekidhi, kwa mfano kijana asiye na watoto katika baadhi ya majimbo, huangukia kwenye msaada maalumu wa matibabu kwa wakimbizi, unaolipiwa na Serikali kuu. Msaada huo hauulizi mtu anaishi mtaa gani. Unauliza tarehe aliyotua.

Na tarehe hiyo imekuwa ikifupishwa. Sheria ya Wakimbizi ya Marekani ya mwaka 1980 ilipoanza, msaada huo ulidumu kwa miezi 36. Mwaka 1982 ukawa miezi 18, mwaka 1988 ukawa miezi 12, na mwaka 1991 ukawa miezi minane, nao ukakaa hapo kwa miaka 30. Kwa waliofika kuanzia Oktoba 1, 2021, ulirudishwa kuwa miezi 12. Kisha kwa waliostahili kuanzia Mei 5, 2025, ukakatwa hadi miezi minne. Wakati huo mlango wenyewe ulikuwa karibu umefungwa, kwani Januari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na baadhi ya familia zilizokwisha kupimwa afya na kukamilisha safari kwenye karatasi zikabaki zilipokuwa.

Miezi minne ni muda mfupi kuliko inavyodhaniwa. Humo mtu hutakiwa ajifunze lugha, apate kazi, na kazi hiyo iwe na bima. Mwenye shinikizo la damu aliyezoea kuchukua vidonge dirishani Nyarugusu bila kulipa huweza kujikuta mwezi wa tano hana mahali pa kuvipata, ingawa hakuna anayemzuia kwenda mji wowote autakao. Kule huhesabiwa siku, huku huhesabiwa hatua.

Turudi Kigongo. Mgonjwa wa rufaa anapomaliza matibabu Bugando, safari yake haiishii kwenye geti la hospitali kama ya Mwanza mwenzake. Hurudi kwa barabara ile ile, akivuka daraja, akipita Sengerema, Geita, Nyakanazi, Kakonko na Kibondo hadi Kasulu, na dawa za kuendelea nazo pamoja na tarehe ya kurudi kwa daktari hukabidhiwa wahudumu wa kambini. Akihitajika tena baada ya miezi mitatu, kibali kipya huombwa.

Na kwa mkazi wa kando ya ziwa anayegongewa mlango na mtu aliyewasili jana akiwa na mtoto mwenye homa, mambo ya kufanya ni mawili, nayo hayagongani. Mtoto apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, kwa sababu malaria kali haina subira. Mzazi wake apelekwe kwa ofisa mtendaji wa kijiji kabla siku ya saba haijaisha, na tarehe aliyoingia nchini iandikwe.